Macho mazima, kushoto hakuonekani

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu, miaka 63, alipata kiharusi miezi miwili iliyopita. Mkono na mguu vimebaki sawa na anaongea vizuri, lakini kila siku anajigonga kwenye mlango upande wa kushoto. Anasema jicho la kushoto limekufa. Kwa daktari wa macho alisoma herufi hadi mstari wa chini, tukaambiwa macho ni mazima. Picha ya CT siku ya kwanza nayo haikuonyesha kitu. Inawezekanaje? Na mdogo wangu wa kidato cha sita anasema neva ni umeme tu, kama waya. Basi kwa nini waya uliokatika usiungwe? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza.

Daktari wa macho hakukosea, na mzee naye hasemi uongo. Fanyeni jaribio moja jioni hii. Kaa mbele yake uso kwa uso, mwambie aitazame pua yako bila kuhamisha macho. Afunike jicho la kushoto kwa kiganja, kisha wewe utikise kidole upande wake wa kushoto, halafu wa kulia. Baadaye abadilishe jicho. Kwa maelezo yako, natarajia kwamba hata akitumia jicho la kulia peke yake hatakiona kidole kilicho kushoto. Ikiwa hivyo, hakuna jicho lililokufa. Kilichopotea ni upande wa kushoto wa chochote anachokitazama, kwa macho yote mawili. Wagonjwa wengi husema "jicho langu la kushoto" kwa sababu hakuna namna nyepesi zaidi ya kulieleza. Wala upande ule hauonekani kama giza. Haupo tu, kama usivyoona kilicho nyuma ya kichwa chako.

Sababu iko kwenye njia ya habari kutoka jichoni. Kila jicho lina seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni 100, na taarifa zake hupita kwenye mshipa wa fahamu wenye nyuzi kama milioni 1. Mishipa ya macho mawili hukutana chini ya ubongo, na hapo nyuzi zinazotoka nusu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) iliyo upande wa pua huvuka kwenda upande wa pili. Kuanzia njia panda hiyo mgawo si wa jicho na jicho tena, ni wa pande: vilivyo kushoto mwa unapotazama huenda ubongo wa kulia, vya kulia huenda wa kushoto. Habari hizo hupokelewa kisogoni. Kwa hiyo nashuku kiharusi kimempiga kisogoni, upande wa kulia.

Herufi alizisoma kwa sababu ubao ule hupima katikati tu ya uoni, na katikati mara nyingi husalimika. Hili tumelijua kwa njia ya kusikitisha. Katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905, risasi nyembamba zenye kasi zilitoboa fuvu za askari na kutokea upande wa pili, na baadhi yao wakapona. Daktari wa macho wa Kijapani, Tatsuji Inouye, alitakiwa kupima uoni wao ili walipwe fidia. Akapima tundu la kuingilia na la kutokea, akachora njia ya risasi ndani ya ubongo, kisha akailinganisha na sehemu ambayo askari hakuiona. Mwaka 1909 alichapisha ramani: ncha ya nyuma kabisa ya kisogo hushughulikia katikati ya uoni, na imepewa eneo kubwa kuliko pembeni.

Mdogo wako amepatia nusu. Ndani ya uzi wa neva ni umeme kweli, ila unatokana na chembe za chumvi zinazopenya ukuta wa seli. Lakini mwisho wa uzi kwa kawaida haugusi seli inayofuata. Kuna mwanya wa kama nanomita 20 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na ujumbe huuvuka kwa kemikali. Mwanasayansi Otto Loewi alilionyesha hilo mwaka 1921 huko Graz, Austria, kwa mioyo miwili ya vyura iliyokuwa ikidunda. Alisisimua neva ya moyo wa kwanza, ukapunguza mapigo. Akachota maji ya chumvi yaliyokuwa ndani yake, akayatia kwenye moyo wa pili ambao hakuusisimua. Nao ukapunguza mapigo. Waya haufanyi hivyo.

Kemikali inayotumika zaidi ubongoni kuamsha seli jirani ni glutameti, na ndiyo inayogeuka sumu wakati wa kiharusi. Damu ikikatika, pampu za seli zinazorudisha chumvi mahali pake hukosa nguvu. Seli humwaga glutameti bila kipimo, jirani zake huzidiwa na kufa, nazo humwaga yao. Kwa hiyo kwa baba yako hakuna waya wa kuunga. Waliokuwa wakipokea ujumbe ndio waliokufa.

Kuhusu CT, damu iliyomwagika huonekana mara moja, lakini sehemu iliyokosa damu inaweza kuchukua saa nyingi kabla ya kujitokeza. Rudini kwa daktari wa kiharusi. MRI, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, au hata CT ya kurudia, sasa inapaswa kuonyesha. Dawa za presha na za kuzuia damu kuganda asiziache bila ushauri wake.

Nafuu ya uoni huu, ikija, huja zaidi katika miezi 3 ya mwanzo. Kwa sasa mzoezeni kugeuza kichwa na macho kushoto kabla ya kupita mlangoni au kuvuka barabara, na asiendeshe gari wala pikipiki. Mkiona anaacha chakula cha upande wa kushoto wa sahani na hajali hata mkimwonyesha, mwambieni daktari, maana hilo ni tatizo jingine.

Kwenye gazeti atakuwa anapoteza mwanzo wa mstari. Bandikeni utepe mwekundu ukingo wa kushoto, asianze kusoma mpaka auone. Kama anasoma msahafu, msishangae akienda polepole zaidi: pale mwanzo wa mstari anauona, ila maneno yanayofuata ndiyo yaliyo upande aliopoteza.