Vani ya kusafishia vioo inatoka Uingereza wakati wa baridi: vifaa visipasuke tufanyeje?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina kikampuni cha kusafisha vioo vya maghorofa hapa Kampala, hasa Nakasero na Kololo. Nimenunua vani iliyotumika Uingereza ikiwa na kila kitu ndani: tangi la lita 400, pampu ya volti 12, machujio, chombo cha resini, mpira wa mita 100 na fimbo ndefu ya kaboni. Kaka yangu anaishi Luton. Ataifanyia kazi Desemba na Januari, kisha aipeleke bandarini ipakiwe kuja Mombasa. Anaiegesha barabarani, mbali na nyumba. Anasema jirani yake alipoteza pampu na chujio kwa usiku mmoja wa baridi. Mimi barafu naijua ya kwenye friji tu. Je, tutie chumvi au dawa ya kuzuia kuganda kwenye tangi? Na ikiwa inangoja meli, iachwe na maji au bila maji? – Msomaji, Ntinda.

JIBU: Chumvi hapana, dawa ya kuzuia kuganda hapana. Mwambie kaka yako hilo kabla ya mengine yote. Mfumo wa vani hii umetengenezwa ili maji yanayofika kwenye kioo yasiwe na kitu chochote ndani yake. Yanachujwa mpaka kipimo kisome ppm 0, yaani sehemu sifuri za chumvi na madini katika kila sehemu milioni za maji, yanasugua kioo kwa brashi, kisha yanaachwa yakauke yenyewe bila kitambaa. Ukitia chumvi, kila dirisha litabaki na madoa meupe, na ikipita kwenye resini, zile punje zinazonasa chumvi ya maji, itaimaliza. Dawa ya rejeta ni mbaya zaidi. Nyingi zimetengenezwa kwa ethilini glikoli, ambayo ni sumu kwa watu na wanyama, na maji ya kaka yako yanamwagika kwenye bustani za wateja.

Kwa hiyo zimebaki njia mbili: vifaa vipate joto usiku kucha, au visiwe na maji kabisa. Wengi wanaopata hasara ni wale waliomwaga tangi wakadhani kazi imekwisha.

Maji yakigeuka barafu huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Umewahi kuona chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza. Lakini tangi si la kuogopa kwanza. Lina nafasi juu, plastiki yake inanyumbuka kidogo, na maji mengi hupoa polepole: lita 400 zenye nyuzi 10 zinatakiwa kupoteza karibu kilowati-saa 4.6 za joto ndipo zifike sifuri, kisha karibu 37 nyingine ndipo zigande zote. Usiku wa kawaida wa Luton hauwezi kazi hiyo. Hatari iko kwenye maji machache yaliyonaswa mahali padogo pasipo na nafasi ya kutanuka: kichwa cha pampu, koki, viungio, kopo la chujio. Mpira wa mita 100 wenye tundu la milimita 6 unabeba chini ya lita 3 kwa jumla, tena umezungukwa na hewa baridi pande zote.

Nikueleze pampu kwa undani, kwa kuwa ndiyo inayokufa kwanza. Hizi za volti 12 ni za diaframu. Kichwa chake ni cha plastiki, kimekazwa kwa skrubu mbele ya mota. Ndani mna vijumba vidogo, kila kimoja na valvu yake inayozuia maji yasirudi nyuma. Sasa fikiria: valvu iliyowekwa kuzuia maji yasirudi, ndiyo hiyo hiyo inayoyanasa ukishazima. Unafungua mpira wa mbele, maji yanatoka, unaona pakavu, kumbe vijiko kadhaa vimebaki ndani. Vikiganda, plastiki inapata ufa kando ya skrubu, mwembamba kiasi kwamba jicho halioni mpaka upitishe ukucha. Asubuhi pampu inaunguruma vizuri tu, ila presha haipandi, na kuna tone linaloshuka taratibu chini ya kichwa kuelekea mota. Sisi huku barafu ya asili tunayo juu kabisa ya Rwenzori, kwa hiyo mafundi wetu wengi hawajawahi kuona pampu iliyopasuka kwa baridi. Utaambiwa imezeeka.

Sasa kaka yako. Anaegesha barabarani, maana yake hawezi kuvuta waya wa umeme kutoka nyumbani na kuupitisha njia ya watu. Angekuwa na uwanja wake, ningemwambia aweke hita ya bomba, zile ndefu za wati chache zinazotumiwa kwenye vibanda vya mimea, pamoja na thamostati iliyowekwa nyuzi 4 au 5, na umeme upitie kwenye swichi ya usalama inayokata ikihisi hitilafu. Hita ya wati 120 ikiwaka saa 10 inakula kilowati-saa 1.2, gharama ndogo mno ukilinganisha na pampu mpya. Hita ya feni asiiache ndani ya vani peke yake usiku. Ya gesi au mafuta ya taa asiithubutu kabisa, na mtu yeyote wa nyumbani asimpigie simu kumshauri sigiri ya makaa. Ndani ya gari lililofungwa, hewa yake ya sumu inaua, na hili halina mjadala. Kuzungushia povu gumu la kuzuia baridi kwenye kuta za vani kunasaidia pale tu penye chanzo cha joto; bila chanzo, povu linachelewesha baridi kwa saa chache, na usiku wa Januari kule ni mrefu.

Basi kwake yeye njia ni kukausha na kubeba. Chujio la utando, lile lenye tabaka jembamba linalopitisha maji na kuzuia chumvi, halina sababu ya kulala kwenye vani wakati wa baridi. Alifunge nyumbani, jikoni au stoo, ajazie tangi kwa mpira asubuhi. Chombo cha resini kiingie ndani kila jioni. Pampu naisisitiza: aifunge kwenye kipande cha ubao kwa viungio vya kuchomoa haraka, ili kila jioni aichomoe na kuingia nayo nyumbani. Kabla ya kuichomoa, atoe mpira unaoleta maji kutoka tangini, aache pampu inyonye hewa sekunde chache mpaka mbele itoke hewa tupu. Pampu za diaframu zinavumilia kukimbia kavu kwa muda mfupi. Mpira mrefu nao, kama rili yake, lile gurudumu la kuuzungushia, inabebeka, uingie ndani. Kama imefungwa kwenye sakafu ya vani, aupulize kwa kompresa kwa presha ndogo, bar 2 zinatosha, huku ncha ya fimbo ikiwa chini na brashi imefunguliwa.

Kuna kitu kimoja ambacho hata wazoefu hukisahau: koki zenye tufe la chuma ndani, zile unazozungusha robo duara. Ukiifunga, maji hubaki yamefungiwa ndani ya tundu la lile tufe, na koki inapasuka ilhali mabomba ya pande zote mbili ni makavu. Aziache zote zimefunguka nusu.

Usiku wenye anga jeupe bila mawingu ndio mkali kuliko wote, hata kama mchana kulikuwa na jua. Bati la paa la vani linapoteza joto kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa yenyewe, kwa hiyo utabiri ukisema nyuzi 2 juu ya sifuri asijiamini.

Ikitokea akakuta asubuhi kumeganda, asiwashe pampu. Mota ikisukumana na kizibo cha barafu itakata fyuzi au iungue. Aegeshe mahali penye jua au afungulie hita ya gari, asubiri, na viungio avimwagie maji ya vuguvugu. Moto wa gesi asiusogeze. Vioo vya wateja vyenye barafu asivimwagie maji ya moto, vinaweza kupasuka. Na maji yanayotiririka njiani kwa mteja yakiganda, mtu atateleza na kuvunjika. Siku ambayo ardhi bado iko chini ya sifuri, kazi ingoje mpaka kupate joto au iahirishwe.

Betri: iliyojaa chaji huvumilia baridi kali sana, lakini ya risasi na asidi iliyoisha chaji inaweza kuganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, na ikiganda imekwisha. Aichaji kila jioni. Kama ni ya lithiamu, isichajiwe ikiwa chini ya sifuri.

Tuje kwenye bandari, na hapa nakuomba uwe mkali na kaka yako, kwa sababu vani inaweza kukaa nje wiki kadhaa ikingoja meli bila mtu wa kuipa joto. Hapo jibu ni moja: bila maji, mpaka tone la mwisho. Tangi limwagwe kwa tundu la chini huku vani imeinama upande huo, kisha mfuniko uachwe wazi kidogo na kufunikwa kwa wavu, maana maji kidogo yaliyofungiwa kwenye joto la safari yataota ukijani. Machujio ya mashapo na ya mkaa yatupwe, utaweka mapya hapa. Makopo yake yafunguliwe, yafutwe, yasafiri matupu. Koki zote nusu. Fyuzi ya pampu itolewe, na karatasi ibandikwe kwenye usukani ikisema mfumo hauna maji, pampu isiwashwe. Wanaoshusha magari hupenda kujaribu swichi.

Chujio la utando ndilo linalotaka fikra, kwani halitaki kuganda wala kukauka. Likiganda, barafu inachana tabaka jembamba linalozuia chumvi. Likikauka, nalo linapoteza nguvu. La kusafiri hutolewa kwenye kopo lake, hulowekwa kwenye maji safi yenye dawa ya kuhifadhi iitwayo sodiamu metabisalfiti asilimia 1, yaani gramu 10 kwa lita, kisha hufungwa kwenye mfuko mzito usiopitisha hewa na kuja kwa njia isiyo na baridi. Lile la inchi 4 kwa 40 lina urefu wa mita moja, si mzigo wa kuweka kwenye begi la ndege.

Lakini mimi ningekuwa wewe ningeuliza kwanza kama nalihitaji. Luton na London maji yao ni magumu, yana chokaa nyingi, ndiyo maana huko utando unaokoa resini. Wewe bomba lako linaletewa maji ya Ziwa Victoria kutoka Ggaba na Katosi, ambayo chumvi yake ni kidogo sana ukilinganisha. Chukua kipimo cha ppm, pima maji ya bomba lako mwenyewe. Resini hufa kwa kadiri ya chumvi inayoingia: maji ya ppm 300 huimaliza mara nne haraka kuliko ya ppm 75. Ukipata chini ya 100, chujio la mkaa na resini vitakutosha, utando mkuukuu kaka yako auuze huko huko. Kama utachota kisima mahali pengine hesabu hubadilika, pima tena. Na ukiamua kuwa na utando, jua kuwa hapa utakufanyia kazi zaidi: hupimwa kiwandani kwa maji ya nyuzi 25, na yakishuka mpaka nyuzi 5 unatoa karibu nusu tu ya maji yale. Baridi ya kule itamfanya kaka yako adhani umeharibika. Asiutupe kwa sababu hiyo peke yake.

Resini aitumie mpaka iishe Januari, kisha chombo kije kitupu. Iliyo na unyevu hata ikimwagwa maji bado inaweza kuganda na punje zake kupasuka. Mpya iagizwe ije kando, isipitie kwenye vani.

Gari lenyewe likifika, gereji wakikuambia umwage kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa, utie maji ya bomba kwa kuwa Kampala hakuna barafu, kataa. Kulanti inazuia kutu ndani ya injini na kupandisha kiwango cha kuchemka, na mlima wa kwenda Kabale utakuonyesha umuhimu wake. Chini ya gari pia paoshwe vizuri, kwa sababu barabara za Uingereza humwagiwa chumvi wakati wa baridi na inakula chuma.

Kabla hujalipa salio lolote kwa mtu yeyote, jaribu hivi. Tia lita 20 tangini, rudisha fyuzi, washa pampu na ufunge mbele. Inatakiwa ipandishe presha na kujizima. Ikiendelea kujiwasha na kujizima bila maji kutumika, kuna mahali panavuja au valvu haishiki. Pitisha karatasi kavu ya chooni chini ya kichwa cha pampu, kuzunguka skrubu, kisha kwenye kiungio kinachozunguka katikati ya rili, kisha kwenye kila koki. Karatasi ikilowa kwenye kichwa, usihangaike na gundi, haishiki kwenye presha ile. Agiza kichwa peke yake cha modeli ile ile. Mota ikiwa kavu haina kosa, haibadilishwi.