Kujitambulisha kwa Kimalagasi: jina kwanza, kisha "no anarako"

Ndugu yetu anayejiandaa kwenda Bukini, yaani Madagaska, ameuliza namna ya kutaja jina lake kwa Kimalagasi, na kwa nini swali alilolikariri, "Inona no anaranao?", lilimchekesha Mmalagasi aliyekutana naye. Nilikaa Mahajanga, kaskazini-magharibi mwa kisiwa hicho, miezi saba nikihesabu mizigo bandarini, na wiki ya kwanza nilichekwa kwa swali hilohilo.

"Inona" ni "nini", ilhali Wamalagasi huuliza jina kwa "iza", yaani "nani": "Iza no anaranao?" Mimi nilikosea kwa kuwa nilikuwa nikitafsiri kichwani kutoka Kifaransa, na laiti ningetafsiri kutoka Kiswahili ningepatia, maana nasi husema "Jina lako nani?" bila kuona ajabu yoyote. Jibu lake ni "Juma no anarako". Jina hutangulia, "no" hulikazia, na "anarako" ni "jina langu", kwa hiyo ni sawasawa na kusema "Juma ndilo jina langu". Ukisema "Ny anarako dia Juma" hukukosea, ila ile ya kwanza ndiyo inayolijibu swali moja kwa moja.

Matamshi ndiyo yaliyonisumbua zaidi. Alfabeti ya Kimalagasi haina herufi "u". Sauti hiyo huandikwa "o", nayo "j" hutamkwa "dz". Karani aliyeniingiza daftarini aliandika "Joma", kisha akaniita "Dzuma", nami nikaitika. Basi "no" ni "nu", na "anarako" ni "anaraku", lakini mkazo hauko pale tulipozoea sisi, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Husemwa "aNAraku", na irabu ya mwisho hufifia hata mgeni akadhani amesikia "anarak" tu. Mzee mmoja muuza samaki alinirudisha mara nne, akinigonga begani kila nilipofika kwenye "na", mpaka nikalishika.

Usianze na jina kabla ya salamu. Antananarivo, mji mkuu, utasema "Manao ahoana, tompoko", ambapo "tompoko" ni neno la heshima kwa mwanamume na mwanamke pia. Kaskazini-magharibi utasikia zaidi "Mbola tsara", yaani "bado njema". Ukitaka kumuuliza mtu mzima jina lake, tanguliza "azafady", neno la kuomba radhi lililoundwa kwa "aza", la kukataza, na "fady", mwiko.

Halafu jiandae kusikia jina refu. Andrianampoinimerina, mfalme aliyeunganisha Imerina, ufalme wa nyanda za juu za kati za kisiwa, jina lake lina maana ya mtukufu aliye moyoni mwa Imerina, na majina mengi ya leo bado yamejengwa hivyo, kama sentensi. Usimkatie mtu jina kwa hiari yako; wengi wana jina fupi la kila siku, nao wenyewe watakwambia ni lipi.