Muuguzi Anajibu: Mlaze ubavu, tazama saa

*Shikamoo Bi Muuguzi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kayole. Jumatano moja usiku binti yangu wa mwaka mmoja na miezi saba alilala akiwa na mafua na joto kidogo. Saa nane nikasikia kitanda kinatikisika. Nilipowasha taa, macho yalikuwa yamegeuka juu, meno yameumana, mikono na miguu inaruka, midomo imekuwa ya buluu. Nilipiga nduru ploti nzima ikaamka. Jirani mmoja alileta kijiko akakisukuma katikati ya meno, mwingine akammwagia maji baridi kichwani. Damu ikatoka mdomoni, nikajua basi, mtoto ameenda. Bodaboda ilitukimbiza hospitali, na kabla hatujafika akaanza kulia. Walimdunga kidole, wakampa dawa ya homa, wakakaa naye hadi jioni. Daktari akasema ni degedege la homa, niende nyumbani. Mama mkwe anasema hicho ni kifafa, nimpeleke kwa mtu anayejua. Tangu siku hiyo nalala nimeweka mkono kifuani pake. Je, ubongo wake umeharibika? Kosa langu lilikuwa nini? Tulikuwa tumerudi kutoka nyumbani Busia wiki mbili kabla, sijui kama hilo lina maana.*
— *Mama wa wawili, Kayole*

Marahaba, mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu najua ndilo linalokukesha. Hukukosa. Degedege la homa huwapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hivi, mara nyingi joto linapopanda ghafla, na mara nyingi mzazi huwa hata hajajua kuwa mtoto ana homa. Kati ya watoto 100, wawili hadi watano hupitia hayo angalau mara moja. Mafua ya kawaida yanatosha kulileta. Hata parasetamoli, ambayo wengi hudhani ni kinga, hailizuii. Humpunguzia mtoto maumivu akapata kunywa na kulala, na kwa hilo mpe: miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake, saa 6 zipite kabla ya kumpa tena. Uzito wake umeandikwa kwenye kijitabu cha kliniki.

Nimezaliwa Malindi. Huko kwetu wazee waliita jambo hili dege, au nyuni, wakisema ndege amepita juu ya mtoto usiku. Mtoto alifukizwa, akafungwa hirizi, na kwa sababu degedege lenyewe huisha baada ya dakika chache, sifa zote zilikwenda kwa moshi. Siwadharau wazee wangu. Waliona kitu cha kutisha wakakitafutia jina. Lakini nimefanya kazi wodi za watoto hapa Nairobi miaka 31, na nimewapokea watoto waliofika wamechelewa kwa sababu walipitishwa kwanza kwa mtu anayejua. Mwambie mama mkwe kwa heshima, tena mwambie mumeo akiwepo: mtoto aliyeshikwa mwili mzima, mara moja tu, kwa muda usiofika dakika 15, akaamka akamtambua mama yake, ubongo wake haukuharibika. Na kifafa ni kitu kingine. Wachache sana kati ya watoto hawa hupata kifafa baadaye. Walio wengi wakivuka miaka 5 au 6 wanakuwa wameliacha kabisa.

Sitakuficha: linaweza kurudi. Mtoto mmoja kati ya watatu hushikwa tena siku nyingine akipata homa. Kwa hiyo nataka ujue la kufanya, wewe na majirani wote wa ploti.

Kile kijiko ndicho kilichomtoa damu. Mtoto hawezi kumeza ulimi wake. Kijiko, kidole, kitambaa, kitunguu, maji, dawa, hakuna hata kimoja cha kupita midomoni akiwa anatetemeka, kwa kuwa kinaweza kuvunja jino au kwenda mapafuni. Maji baridi ya kichwani nayo hayasaidii. Muondoe kitandani asianguke, mlaze chini kwa ubavu ili mate na matapishi yatoke yenyewe, legeza nguo shingoni, sogeza meza na jiko. Usimkandamize mikono. Kisha tazama saa.

Hili la saa nalisisitiza kwa sababu ya baba mmoja aliyekuja usiku wa mvua, mtoto kamfunga kwa koti lake. Nilipomuuliza limechukua muda gani, nilitarajia jibu ninalopewa kila siku, "muda mrefu sana, sista." Akafungua kiganja. Alikuwa ameandika kwa biro: *8.10 – 8.13*. Wino ulikuwa umetapakaa kwa jasho lakini nambari zilisomeka. Dakika tatu. Ukiwa umepiga magoti kando ya mwanao, dakika tatu ni kama usiku kucha, wala simlaumu anayesema muda mrefu. Ila daktari akiipata ile nambari, anajua kama ana mtoto aliyetoka salama au mtoto wa kuchomewa dawa sasa hivi. Dakika 5 zikipita na bado anatetemeka, hiyo ni dharura kubwa: kimbieni kwenye kituo cha karibu chenye daktari, kwani dawa ya kulikomesha ipo, na mtoto mdogo huweza kupewa hata kwa njia ya haja kubwa.

Degedege la kwanza kabisa lifikishwe hospitali hata kama limeisha, kama mlivyofanya. Rudi pia bila kungoja asubuhi likitokea mara mbili ndani ya siku moja, likishika upande mmoja tu wa mwili, asipoamka vizuri baada ya saa moja, shingo ikikakamaa, utosi ukivimba, akikataa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu. Hapo tunaogopa homa ya uti wa mgongo. Daktari akiomba kutoa maji ya mgongo, mkubalie. Wazazi wengi hukataa kwa kuogopa mtoto atapooza, na kukataa huko kumetuumiza sana. Sindano huingia chini ya pale uti wa neva unapoishia, kwa hiyo haiugusi.

Sasa Busia, kule magharibi kwenye malaria nyingi. Umeiweka mwisho wa barua, nami ningependa iwe neno la kwanza unalomwambia mhudumu. Nairobi iko juu na malaria ni kidogo, kwa hiyo mhudumu aliyechoka anaweza asiifikirie. Malaria inaweza kujitokeza wiki mbili baada ya mbu kuuma, na malaria kali huleta mitetemeko pia. Ile damu ya kidole huenda walipima sukari, maana ikishuka nayo hutetemesha, huenda walipima malaria, huenda vyote viwili. Angalia karatasi uliyopewa. Akipata joto tena mwezi huu, mpeleke siku hiyohiyo na useme: "Tumetoka Busia, naomba apimwe malaria."

Mkono kifuani unaweza kuuondoa, mama. Mlaze karibu nawe ulale.

*Bi Muuguzi, mwanangu wa miaka miwili alipotetemeka, kliniki moja ya mtaani ilitaka tulipe amana ya shilingi 5,000 kabla ya kumgusa. Tulitoka tukaenda kwingine. Wana haki hiyo?*
— *Baba, Githurai*

Hawana. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba kituo chenye uwezo kikikataa kimetenda kosa. Kumtuliza mgonjwa na kumpangia njia ya kwenda hospitali kubwa ni sehemu ya matibabu hayo, kwa hiyo hata kliniki ndogo ina la kufanya: imlaze vizuri, impe hewa, ipime sukari, impe dawa ya kukomesha ikiwa nayo, iite gari. Bili huzungumzwa baadaye. Usiku ule usipoteze dakika kubishana mlangoni. Taja Katiba mara moja, wakikataa nendeni, mtoto ndiye wa kwanza. Kesho yake andika tarehe, saa, na maneno waliyokuambia, uyapeleke ofisi ya afya ya kaunti au Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo hupokea malalamiko ya wananchi. Wengi huacha kwa kuwa mtoto alipona. Nakuomba wewe usiache.