Kidimbwi cha Mita 25 Kilinidanganya

Mwezi uliopita baba mmoja alinifuata kando ya kidimbwi, simu mkononi, uso umejaa furaha. Mwanawe wa miaka 14 alikuwa ameogelea mita 100 za kipepeo, ule mtindo wa kurusha mikono yote miwili kwa pamoja, kwa dakika 1 na sekunde 2. "Mwalimu," akaniambia, "huyu si ndiye Jason Dunford wetu mwingine?" Dunford ni yule mwogeleaji wetu wa Olimpiki. Nikamuuliza ni kidimbwi cha urefu gani. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza maji yalikuwa ya rangi gani.

Simlaumu. Karibu kila mtoto anayeogelea Nairobi amelelewa kwenye kidimbwi cha shule cha mita 25, na saa ya mzazi haijui tofauti. Hata mimi sikuijua mpaka iliponiumbua mbele ya watu, tena ugenini.

Nimezaliwa South B. Mama aliuza mitumba katika soko la Gikomba, na vazi langu la kwanza la mashindano lilitoka kwenye robota alilofungua mwenyewe, la buluu, lenye jina la klabu ya nchi ambayo hakuna aliyeweza kulisoma nyumbani kwetu. Wenzangu shuleni walikuwa na mavazi mapya ya dukani. Niliwashinda nikiwa na lile la Gikomba, na nakiri kwamba nililifurahia hilo kuliko inavyofaa. Nilipofika miaka 16 muda wangu wa mita 100 kipepeo ulikuwa dakika 1 na sekunde 6, nikaitwa kwenye timu ya kwenda nje.

Tiketi zilichelewa, kwa sababu ambazo mwanamichezo yeyote wa Kenya anaweza kuzitaja usingizini. Tulitua usiku, nikaogelea asubuhi. Lakini nikisema uchovu wa safari ndio ulioniangusha nitakuwa nasingizia. Nilipofika ukuta wa mita 50 nilikuwa wa tatu. Nikajiambia leo ni leo, asemaye kesho mwongo. Mita kama 70 hivi, mikono ikagoma kutoka majini. Nyonga zikazama, kichwa kikainuka kutafuta hewa, na badala ya kuyapita maji nikawa nayapanda kama ngazi. Nilimaliza wa saba kati ya wanane, kwa dakika 1 na sekunde 13. Kocha wangu alinipa taulo, akangoja nipumue, kisha akasema maneno manne: "Wewe umezoea kushika ukuta."

Ilinichukua muda kuelewa alichosema, kwa hiyo nikifafanue kwa hesabu, maana kwa hotuba sikukielewa kamwe.

Kanuni inamruhusu mwogeleaji wa kipepeo kukaa chini ya maji akipiga teke la pomboo, yaani miguu miwili pamoja kama mkia, hadi mita 15 baada ya kuruka na baada ya kila ukuta. Kichwa lazima kiwe kimetokeza kufikia alama hiyo, ambayo huwa na rangi tofauti kwenye kamba za leni, zile zinazotenganisha njia za waogeleaji. Sasa chukua mita 100. Kwenye kidimbwi cha mita 25 unaruka mara moja na kugeuka mara tatu, yaani una nafasi nne za chini ya maji, jumla hadi mita 60. Zinazobaki za kupiga mikono ni 40 tu. Kwenye kidimbwi cha mita 50 unaruka mara moja, unageuka mara moja, basi. Chini ya maji ni mita 30 ukijaliwa, na mikono inakudai 70. Ni mbio mbili tofauti zenye jina moja. Mtoto ambaye hajawahi kupiga mikono zaidi ya mita 15 bila kupumzishwa na ukuta hajui kipepeo chake kina urefu gani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla ya vazi la bei wala kocha wa kigeni: mpeleke kwenye kidimbwi cha mita 50 angalau mara moja kwa wiki. Kasarani kipo, pale pale kwenye uwanja uliotumika kwa Michezo ya Afrika ya 1987. Ndiyo, ni mbali ukitoka Lang'ata au South B, na Thika Road ina tabia zake. Nenda Jumamosi alfajiri. Na ikiwa haiwezekani kabisa, kuna mbinu ya masikini ambayo mimi niliitumia mwaka mzima: unapokaribia ukuta, mita mbili hivi kabla, geuka katikati ya maji bila kugusa chochote, uanze tena kutoka pale ulipo. Hakuna cha kusukuma. Mara ya kwanza utajiona kama gunia. Ndiyo kazi yenyewe.

Hapa niseme jambo litakaloniletea uadui. Kuna makocha mjini humu wanaotumia kipepeo kama adhabu. Mtoto amechelewa, mita 400 kipepeo. Mtoto amecheka, mita 400 kipepeo. Baada ya mita 50 huyo mtoto haogelei kipepeo tena, anaogelea kuzama kwa mpangilio, na mwili unakariri hicho hicho. Kila mzunguko wa mikono una mateke mawili. La kwanza linapigwa mikono inapoingia majini, la pili inapomaliza kusukuma na kutoka. Uchovu ukija, hilo la pili ndilo linalokufa mapema. Likifa, nyonga hushuka, na nyonga zikishuka mikono haina namna ya kutoka nje isipokuwa kwa nguvu za mabega. Watu huona mikono imeshindwa wakadhani dawa ni kunyanyua vyuma, kumbe kilichoshindwa kilikuwa kiunoni sekunde kumi kabla.

Mimi nilijenga mita zangu za mwisho kwa vipande vifupi: mita 25 nne, nikipumzika sekunde 10 kati yake, nikihesabu mipigo ya mikono. Kipande cha nne kikizidi cha kwanza kwa mipigo mitatu, seti imekwisha, natoka. Kocha hakubishana. Kufikia mwisho wa msimu niliweza kufanya seti tatu bila hesabu kuvunjika. Ni kazi ya kuchosha akili kuliko mwili, na ndiyo maana vijana wengi hawaipendi.

Nairobi yenyewe inakupa na kukunyang'anya. Tuko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na kipepeo ni mtindo wa kubana pumzi, kwa hiyo mtoto anayefanya mazoezi hapa asilinganishwe na binamu yake wa Mombasa. Usimlazimishe kupumua kila mipigo mitatu kwa sababu umeona video. Kupumua kila mipigo miwili kwa kidevu kilicho karibu kabisa na maji ni bora kuliko ushujaa. Halafu kuna Julai. Vidimbwi vingi havina maji moto, na Julai ya Nairobi si mchezo. Misuli baridi na mabega ya kipepeo havipatani. Ruka kamba dakika 10 nchi kavu kwanza, uingie ukiwa na jasho. Mimi nilidharau hilo, nikalipa kwa bega la kulia miezi minne. Maumivu yanayokaa mbele ya bega siku mbili baada ya mazoezi si ukomavu. Nenda kwa mtaalamu wa viungo kabla hujashindwa kuchana nywele.

Sasa tumrudie Dunford, kwa sababu kila mzazi humtaja na wachache wanamjua. Alizaliwa Nairobi mwaka 1986, akasomea Stanford, Marekani. Kwenye mchujo wa Olimpiki ya Beijing 2008 aliogelea mita 100 kipepeo kwa sekunde 51.14, ikawa rekodi ya Olimpiki. Rekodi hiyo haikukaa hata kupoa, Mserbia Milorad Čavić akaivunja katika mchujo huo huo. Lakini Dunford alifika fainali, Mkenya wa kwanza katika kuogelea, akamaliza wa tano kwa 51.47. Hiyo ndiyo fainali ambayo Michael Phelps alimpita Čavić kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Miaka miwili baadaye, Delhi, Dunford alichukua dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola katika mita 50 kipepeo, na London 2012 ndiye aliyebeba bendera yetu. Baadaye akageukia muziki, anajiita Samaki Mkuu. Jina limekaa.

Zitazame tena zile namba. Kiwango cha moja kwa moja cha wanaume kuingia Olimpiki ya Paris 2024 katika mita 100 kipepeo kilikuwa 51.67. Yaani muda wa Dunford wa miaka 16 nyuma ungempa tiketi, ingawa wakati ule waliruhusiwa mavazi ya kasi ambayo yalipigwa marufuku kuanzia 2010. Na kwa wapenda vioja: Rio 2016, Joseph Schooling wa Singapore aliposhinda, Phelps, Chad le Clos wa Afrika Kusini na László Cseh wa Hungary waligawana medali ya fedha kwa muda ule ule mmoja. Muda gani? 51.14. Huwa nawaambia vijana wangu namba hiyo na kunyamaza, waifikirie wenyewe.

Zote hizo ni za kidimbwi cha mita 50. Olimpiki haiogelewi kwingine.

Njia ya pili ya kuingia Olimpiki ni nafasi ambazo nchi isiyo na waliofuzu hupewa, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Ni heshima, sikatai, na wenzangu wawili walizitamani kufa kupona. Ila usijenge maisha ya mtoto juu ya kiti kimoja ambacho wanagombea nchi nzima. Mlango mpana zaidi ni vyuo vya Marekani. Huko mashindano ya vyuo huogelewa kwenye vidimbwi vya yadi 25, kama mita 22.9, kwa hiyo kuta ziko karibu kuliko hata za kwetu, na mtoto wa Nairobi mwenye teke zuri la pomboo ana soko. Mwandikie kocha wa chuo mwenyewe, kijana, si baba yako. Barua fupi: muda wako wa kidimbwi cha mita 50 na wa kidimbwi cha mita 25, ukitaja wazi upi ni upi, video ya mbio nzima isiyokatwa, alama zako za shule. Makocha wale hugundua mara moja mtu aliyechanganya vidimbwi ili aonekane mwepesi. Anza kidato cha tatu, si baada ya mtihani.

Kuna habari njema pia kwa wenye kasi isiyodumu. Mita 50 kipepeo itaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles 2028. Urefu mmoja, hakuna ukuta wa kugeukia.

Kuhusu pesa sina mengi. Kuogelea hakulipi mshahara Kenya. Mama alichangisha nauli yangu kupitia chama chake cha Gikomba, na nilirudi na zawadi ya kila mwanachama kwa sababu hilo ndilo deni pekee nililoweza kulipa wakati huo. Tunza risiti zote, fungua akaunti tofauti ya safari.

Na dawa za kikohozi. Ukishaanza kushindana kwa timu ya taifa unaweza kupimwa, na dawa nyingine za mafua za duka la kona zina pseudoephedrine, ambayo ikizidi kiwango siku ya mashindano ni kosa hata kama ulikuwa unaumwa kweli. Mwambie mwenye duka wewe ni mwanamichezo, soma boksi, na mwenye pumu awe na karatasi za daktari. Kocha wako hatakutetea mbele ya maabara.

Niliacha mashindano nikiwa na miaka 24. Muda wangu bora wa kidimbwi cha mita 50 ulikuwa dakika 1 na sekunde 5, bora kuliko ule wa mita 25 nilioondoka nao nyumbani mara ya kwanza. Haukunipeleka Olimpiki.

Yule baba alinisikiliza, sijui kwa moyo gani, lakini Jumamosi iliyofuata walikuwa langoni Kasarani saa kumi na mbili na nusu, kijana amejifunika shuka la Kimasai. Aliogelea mita 100. Alifika ukuta wa mwisho kwa dakika 1 na sekunde 9. Baba akaitazama saa, akaitikisa, akaitazama tena. Kijana hakuuliza muda. Alining'inia kwenye kamba ya leni mpaka pumzi ikamrudia, akaniuliza, "Mwalimu, nyonga zangu zilianza kuzama wapi?"

Nikatembea kando ya kidimbwi mpaka nilipofika pale, nikasimama.