Mada hiyo pana mno, ipunguze

Dadangu, hiyo mada ulouliza ya masters, "athari za teknolojia kwa biashara Kenya", supavaiza atairudisha tu, ni bahari hiyo. Chukua wauza viungo wa soko la Marikiti, Mombasa, na malipo ya M-Pesa peke yake, alafu shika modeli ya Davis ya 1989 ya watu kukubali teknolojia (TAM), ile yauliza kama mtu aona kitu chamfaa na ni rahisi kutumia, hapo maswali ya dodoso yaja yenyewe. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, omba mapema, usianze kukusanya data bila hicho. Na usiende sokoni asubuhi wateja wamejaa, mimi wallahi dodoso langu moja nililikuta limefungiwa bizari. Enda alasiri, uulize mwenyewe ukijaza.