Filbert Bayi na rekodi ya mita 1500

Ndugu, umeuliza kama Filbert Bayi, mwanariadha wa Tanzania, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwenye Olimpiki. Hapana, ilikuwa Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand, Februari 2, 1974: dakika 3 na sekunde 32.16. Alivunja rekodi ya Mmarekani Jim Ryun iliyodumu tangu 1967.

Kinachonisisimua mpaka leo ni namna alivyokimbia. Wengi walizoea kujibanza nyuma na kufyatuka mwishoni. Yeye aliongoza tangu mwanzo, peke yake mbele. Mwenyeji John Walker alimkaribia sana lakini hakumfikia, ingawa naye aliipita rekodi ya zamani. Mkenya Ben Jipcho akawa wa tatu.

Medali ya Bayi ya Olimpiki ni ya fedha, Moscow 1980, mita 3000 kuruka viunzi na maji.