Kabla hujauliza utapandaje, uliza utashukaje

Mguu wangu mmoja umepooza tangu utotoni, na huu mwingine unachoka upesi. Siku za kawaida natembea na gongo. Nikienda bustani ya burudani natumia kiti cha magurudumu, maana viwanja vile ni vikubwa na kutwa nzima uko njiani. Napenda michezo ya kasi, na kuliko yote rolakosta, ile treni ya wazi inayopanda na kuporomoka kwa kasi kwenye reli za juu. Chuma cha mapajani kikishafungwa, kila mtu amekaa, hakuna anayehitaji miguu, na mteremko unatutikisa wote sawasawa. Nawajua watu wengi wenye hali kama yangu waliokwisha kata tamaa, wakienda wanabaki chini kushika mikoba ya wenzao. Nawaandikia hao.

Swali la kwanza la kumuuliza mhudumu ni hili: mtambo ukikwama juu, nitateremkaje? Mitambo hii imeundwa isimame yenyewe ikihisi hitilafu yoyote, hata ndogo. Ikisimama mahali ambapo haiwezi kurudi kituoni, abiria huteremshwa kwa miguu, kupitia ngazi nyembamba za chuma zilizo kando ya reli. Masharti mengi yanayotukera yanatoka hapo. Anayekuambia huwezi kupanda mara nyingi anaifikiria ile ngazi. Basi muulize: ngazi zina urefu gani? Kuna kifaa cha kumshushia asiyeweza kutembea? Mwenzangu anaruhusiwa kunisaidia? Nimeona mara nyingi jibu likibadilika kutoka "haiwezekani" hadi "subiri nimwite msimamizi", kwa sababu tu swali liliulizwa kwa namna hiyo.

Mimi yameshanikuta. Treni ilisimama kwenye mwinuko wa kwanza, tukakaa tukiangalia mbingu hadi mhudumu alipopanda na kuanza kufungua behewa moja baada ya jingine. Chini tulikuwa tumeshaelezana, kwa hiyo hakushangaa kuniona. Aliniacha wa mwisho ili nisiharakishwe na walio nyuma. Mdogo wangu alitangulia, kidato kimoja chini yangu, uso wake ukinielekea. Nilishika vyuma vya pembeni kwa mikono miwili nikashuka kwa makalio, kidato kwa kidato, gongo langu likiwa begani kwa mhudumu. Ilichukua muda, lakini hakuna aliyebabaika, na jioni ile nilirudi kupanda tena.

Jambo la pili ni kuhama kutoka kwenye kiti chako kwenda kwenye kiti cha mtambo. Hapa mazoezi ya nyumbani yanalipa kuliko ujasiri. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010 vya kuwafikiria watu wenye ulemavu vinataka karibu kila mtambo mpya wa kudumu uwe na nafasi ya kiti cha magurudumu, au kiti maalumu cha kuhamia, au kifaa cha kumhamishia mtu. Kiti hicho cha kuhamia kinatakiwa kiwe kati ya sentimita 35 na 61 hivi kutoka sakafuni. Tafuta stuli fupi na nyingine ndefu, ujizoeze kuhama kwenda na kurudi hadi mabega yaizoee kazi. Kurudi ndiko kugumu: unajiinua kutoka chini kwenda juu, na mwili umeshachoka kwa kutikiswa. Mitambo ya maonyesho yanayohamahama haibanwi na kanuni hiyo, kwa hiyo huko usitegemee chochote kabla hujaona kwa macho.

Halafu, wahudumu wengi hawaruhusiwi kukunyanyua. Atakushikia kiti, atakusimamishia mtambo, ila mwili wako ni kazi yako na ya uliokuja nao. Nenda na mtu anayejua kukushika, na mkubaliane mapema nani anahesabu "moja, mbili, tatu".

Kuna michezo ambayo huhitaji kuhama kabisa. Pale Walt Disney World, bustani kubwa za burudani huko Florida, Marekani, unaweza kubaki kwenye kiti chako ukapanda Kilimanjaro Safaris, gari la kutazama wanyama, na mchezo wa "it's a small world" ina mashua zilizotengewa viti vya magurudumu. Ukiwa na skuta ya umeme utahamia kwanza kwenye kiti cha magurudumu cha kawaida. London Eye, gurudumu kubwa la kutazamia jiji la London, nalo linazunguka polepole kiasi kwamba watu hupanda bila gurudumu kusimama, lakini wanaweza kulisimamisha kwa ajili yako. Omba lisimame. Vivyo hivyo kwenye mitambo yenye mkanda wa sakafu unaotembea: waambie wapunguze mwendo au wasimamishe kabisa. Usiurukie ukiwa mwendoni kwa kuona haya kuomba. Wanafanya hivyo kila siku.

Bustani inayonivutia kuliko zote ni Morgan's Wonderland, San Antonio, Texas, iliyofunguliwa mwaka 2010. Ilijengwa tangu msingi kwa kuwafikiria watu wenye ulemavu, nao huingia bure. Bembea inapokea kiti cha magurudumu kizima, na bustani yao ya maji, iliyofunguliwa 2017, ina viti visivyoharibika kwa maji. Kama moyo wako bado una hofu, anza na pale panapokutarajia.

Kuhusu foleni, usiende ukidhani kiti cha magurudumu ni tiketi ya kupita mbele. Siku hizi foleni nyingi zimepanuliwa ili viti vipite, na Disney tangu 2024 imeelekeza kibali chake cha kusubiri nje ya foleni kwa wenye changamoto za ukuaji kama usonji. Soma masharti kwenye tovuti kabla ya kukata tiketi. Angalia hasa sharti la mikono: michezo mikali huhitaji angalau mkono mmoja unaoshika vizuri. Kama mlangoni pamewekwa kiti cha kujaribia, kikalie hapo kabla hujapanga foleni.

Mto wa kiti chako uvishe mfuko wa plastiki kabla ya michezo ya maji. Kukalia mto uliolowa kutwa nzima kunachubua ngozi, na kama huna hisia sehemu hiyo hutajua hadi usiku. Michezo mikali ipande asubuhi mikono ikiwa na nguvu, ya polepole iache kwa mchana. Na gongo lako liandike namba ya simu, maana litabaki kituoni kila utakapopanda.